Miezi 20 ya kutafuta mtoto: je, ni wakati wa kwenda hospitali, na nani aanze kupimwa?

Mke wa Dereva (Tanga)

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo naandika kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulizungumza na mtu yeyote wa nyumbani bila kuishia kulia.

Nina umri wa miaka 34. Niliolewa miezi 20 iliyopita, na tangu siku ya kwanza hatujatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango, kwa kuwa sote wawili tulitaka mtoto mapema. Hedhi yangu huja kila mwezi, ingawa haina tarehe moja: mara hurudi baada ya siku 26, mara 30, na imewahi kufika 33. Sijawahi kushika mimba hata mara moja. Nilipokuwa na miaka 22 nilipasuliwa kwa dharura baada ya kidole tumbo kupasuka, nikalazwa siku 12, na kovu ninalo mpaka leo.

Mume wangu ana miaka 41. Ni dereva wa malori ya masafa marefu. Huchukua mzigo bandarini Dar es Salaam, hupita Tunduma na kuvuka Zambia hadi Lubumbashi. Akirudi hukaa nyumbani siku 6 au 8, kisha huondoka tena kwa wiki tatu. Anaye binti wa miaka 11 aliyempata kabla hatujafahamiana, na hapo ndipo kila mazungumzo yetu hufikia ukingoni. Husema kwa upole kabisa kwamba yeye ameshazaa, kwa hiyo mwenye kuhitaji kutazamwa ni mimi.

Mama mkwe wangu ananipenda na sina la kumlaumu, lakini mwezi uliopita alimtuma wifi yangu aniletee chupa ya lita moja na nusu ya dawa ya mizizi ya kusafisha kizazi, ninywe nusu kikombe asubuhi na jioni kwa siku 21. Ipo juu ya kabati, sijaifungua. Nilipoeleza shida yangu katika duka la dawa, muuzaji alinishauri ninunue vidonge vya kupevusha mayai, akasema wengi wamefanikiwa navyo.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, miezi 20 ni muda wa kutosha kwenda hospitali, au niendelee kuwa na subira kama ninavyoambiwa? Je, ni kweli kwamba mwanamume aliyekwisha kuzaa hana haja ya kupimwa? Na nikienda, nitafanyiwa nini hasa? Nauliza hili la mwisho kwa sababu nina hofu.

Mkunga Mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi ya ukunga kwa miaka 31, zaidi ya nusu yake katika kliniki ya magonjwa ya wanawake, na swali lako nimelisikia kutoka kwa wengi waliokuja wakiwa wamechelewa kuliko wewe. Nitajibu kwa kirefu, univumilie.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu. Mwanamke akishaitwa mgumba na jamaa za mumewe, watu hulichukua neno hilo kana kwamba limeandikwa kwenye paji la uso wake. Hospitali hutumia neno ugumba kwa maana nyepesi zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga. Ni hali ya watu wawili, ina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo zina matibabu. Wala si wachache: shirika hilo lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia hali hii katika maisha yake.

Miezi 12 haikuchaguliwa ovyo. Ukichukua wenzi 100 wenye umri mdogo na afya njema, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu ya wanaobaki hupata katika mwaka wa pili. Ndiyo maana anayekuja kliniki baada ya miezi minne, akiwa na miaka 25 na hana dalili yoyote, hutulizwa na kurudishwa nyumbani. Lakini subira hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo watu hawaambiwi. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 husubiri miezi sita tu, na aliyefikisha 40 huanza uchunguzi mara anapoamua kutafuta mtoto. Zaidi ya hapo, wako wasiotakiwa kusubiri hata kidogo, vyovyote umri wao ulivyo: ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi, au huja kwa vipindi vifupi kuliko siku 21 au virefu kuliko 35, mwenye maumivu makali ya hedhi yanayomlaza kitandani, au maumivu ya ndani wakati wa tendo, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi, aliyeharibikiwa mimba mara mbili au zaidi, na aliyewahi kupasuliwa tumbo. Upande wa mwanamume ni vivyo hivyo: aliyezaliwa korodani zikiwa hazijashuka, aliyepasuliwa au kuumia sehemu hizo, aliyeugua matubwitubwi yakashuka kwenye korodani baada ya kubalehe, aliyepata matibabu ya saratani, au mwenye tatizo la kusimamisha au kutoa manii.

Sasa jitazame mwenyewe. Kidole tumbo kikipasuka, usaha humwagika ndani ya tumbo, na kovu lake huweza kugandanisha mirija ya uzazi au kuizuia isiweze kulidaka yai. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, maana wengi waliopasuliwa hivyo huzaa bila shida. Nasema kwamba hilo peke yake lilitosha kukupeleka kwa daktari tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Ukiongeza miaka 34 na miezi 20, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba nenda, na nenda mwezi huu.

Swali la pili nitalijibu bila kuzunguka, kwa sababu limewapotezea wanawake miaka mingi. Mtoto wa miaka 11 ni ushahidi kwamba miaka 12 iliyopita baba yake alikuwa na mbegu za kutosha. Hasemi lolote juu ya mbegu za leo. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu huchukua takriban siku 74 kukomaa, kwa hiyo homa kali, ugonjwa, sigara, pombe nyingi, sindano za kujenga misuli na joto la muda mrefu kwenye korodani huweza kubadilisha hali yake ndani ya miezi michache. Sababu za upande wa mwanamume huhusika kwa karibu nusu ya wenzi wanaokawia kupata mtoto, ama peke yake ama pamoja na za mwanamke. Watu pia huchanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote na manii yake yasiwe na mbegu hata moja, kwani mbegu hazionekani kwa macho wala hazibadilishi rangi ya manii.

Kwa hiyo kipimo cha manii kifanyike mwanzoni kabisa. Ni cha bei nafuu kuliko vipimo vyako, hakina sindano wala kisu, na majibu hutoka upesi. Nimeona mwanamke amepigwa picha za mirija mara mbili na kunywa vidonge kwa mwaka mzima, halafu mumewe alipokubali kupimwa zikakutwa mbegu sifuri. Sikuisahau sura ya yule mama alipokuwa akikunja yale makaratasi yake ya mwaka mzima na kuyarudisha kwenye mkoba.

Kuhusu hofu yako ya hospitali, hatua za mwanzo ni za kawaida. Daktari atauliza historia yenu wote wawili, atakupima, kisha atakufanyia ultrasaundi ili kuangalia kizazi na vifuko vya mayai: kama kuna uvimbe ndani ya kizazi, au mayai mengi madogo yasiyopevuka. Damu itapimwa homoni chache, zikiwemo ya tezi ya shingo na prolaktini, ile inayohusika na maziwa. Ipo nyingine, projesteroni, ambayo huthibitisha kwamba yai lilipevuka. Hiyo hupimwa siku saba kabla ya hedhi inayofuata, na watu hukariri siku ya 21 kwa sababu ya wenye mzunguko wa siku 28. Wewe ambaye mzunguko wako unayumba, mkumbushe daktari, maana damu ikichukuliwa siku isiyofaa utaambiwa yai halipevuki kumbe linapevuka. Kisha kuna picha ya mirija, ambayo mwenzangu mwingine hapa huenda akaieleza vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi niliisimamia tu, sikufanyiwa.

Vile vidonge vya dukani usivinunue. Vina kazi yake kwa mwanamke ambaye yai lake halipevuki, naye hupewa akifuatiliwa kwa ultrasaundi. Kama mirija imeziba, au mbegu hazipo, utapevusha mayai ambayo hayatakutana na kitu, na utakuwa umejiongezea madhara bila faida, achilia mbali uwezekano wa mimba ya zaidi ya mtoto mmoja.

Na ile chupa iache juu ya kabati. Kizazi hakihitaji kusafishwa, kwani hujisafisha chenyewe kila mwezi kwa hedhi. Hakuna ajuaye kiasi cha kilichomo ndani ya dawa hiyo, wala inavyofanya kwenye ini na figo, na kama utakuwa umeshika mimba changa bila kujua, hatari ni kubwa zaidi. Vilevile usijifukize sehemu za siri wala kujisafisha kwa ndani kwa dawa, kitunguu swaumu au sabuni. Mama mkwe usimkosee adabu: mwambie umeanza kliniki na daktari amekataza kuchanganya dawa. Hilo ni la kweli na litamtuliza.

Unachoweza kuanza leo bila kusubiri mtu ni kidonge cha asidi ya foliki cha mikrogramu 400 kila siku, ambacho humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo tangu wiki za kwanza kabla mama hajajua ana mimba. Na jambo moja la mwisho nitakuomba ufanye kabla ya kwenda. Chukua kalenda, uandike tarehe za hedhi zako zote unazozikumbuka, na pembeni uandike tarehe ambazo mumeo alikuwa nyumbani. Nina wasiwasi na hizo tarehe.

Fundi Seremala (Morogoro)

Dada, pole. Naomba ujumbe wangu umsomee shemeji, au umtumie asome mwenyewe akiwa njiani, kwa sababu nauandika kwa ajili yake.

Shemeji, nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa nilipomwoa mke wangu wa sasa, na maneno unayoyasema wewe niliyasema mimi neno kwa neno. Mke wangu alizunguka peke yake kwa miaka miwili na nusu. Alipimwa kila kitu, akakutwa mzima, na bado nilisema labda vipimo havikuona. Daktari mmoja wa kike ndiye aliyekataa kuendelea. Alifunga faili, akamwambia mke wangu hatamwandikia kipimo kingine mpaka mume aje. Nilikwenda nikiwa nimekasirika.

Kipimo chenyewe nitakieleza, kwa sababu nilichoogopa zaidi ni aibu yake, na aibu ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Unapewa kichupa kisafi chenye mfuniko mpana. Unatakiwa uwe umekaa bila kutoa manii kwa siku zisizopungua mbili wala kuzidi saba. Wengine hutolea hapo hapo maabara katika chumba cha faragha, na kama nyumba iko karibu wanakuruhusu ukatolee nyumbani mradi uyafikishe ndani ya saa moja. Mimi nilitolea nyumbani, nikakiweka kichupa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kikiwa kimegusana na mwili ili kisipoe, nikapanda bodaboda nikiwa nimekishika kwa mkono juu ya shati kama mtu aliyeumia kifua. Usitumie kondomu ya kawaida, maana huweza kudhuru mbegu, wala sabuni, mafuta au mate. Na kama tone la kwanza limekosa kichupa, sema, kwa sababu tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi na majibu yatapotoka.

Majibu yangu yalikuja na mbegu milioni 4 kwa mililita moja. Daktari alinionyesha kwamba kiwango cha chini kinachotumika ni milioni 16, na kwamba angalau 42 kati ya 100 zinatakiwa ziwe zinatembea. Zangu hazikufika hata 20. Nilirudia baada ya miezi mitatu, kwa kuwa hawahukumu kwa kipimo kimoja, majibu yakawa karibu yale yale. Aliponikagua alikuta mishipa iliyovimba kwenye korodani ya kushoto, hali wanayoiita verikosili. Miaka yote nilijua upande ule una uzito fulani jioni baada ya kusimama kiwandani, nikadhani ndivyo wanaume walivyo. Alinieleza kwamba korodani hukaa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne kuliko mwili, na damu inayotuama kwenye mishipa ile huzipasha moto. Huwapata wanaume wengi, na wengi wao huzaa bila shida, lakini kwa wengine huzidi kadiri umri unavyokwenda. Ndiyo sababu nilimpata mtoto wa kwanza nikiwa na miaka 24 na nikakwama nikiwa na 35.

Nilifanyiwa upasuaji mdogo. Mbegu zilipanda hadi milioni 19 baada ya miezi sita, na mke wangu alishika mimba mwezi wa kumi na moja tangu upasuaji. Si kila anayepasuliwa hupona hivyo, na daktari aliniambia hilo mapema. Ninachojutia ni ile miaka miwili na nusu. Mke wangu alikuwa na miaka 33 nilipoanza kukataa na 36 nilipokubali, na miaka hiyo ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa yangu.

Shemeji, wewe hukaa kwenye kiti cha lori saa nyingi na joto la injini linakuja chini yako. Siwezi kusema limekudhuru. Lakini ni kichupa kimoja tu na asubuhi moja.

Bint Pangani

Mwenzangu, mimi nitakueleza picha ya mirija kwa kuwa nimefanyiwa.

Nilitafuta mtoto kuanzia miaka 27, na miaka mitatu ya mwanzo niliimalizia kwa waganga na wauzaji wa dawa za mtandaoni, ambao kila mmoja alisema nina mvurugiko wa homoni bila kunipima hata tone la damu. Nilikuwa na hedhi ya kila mwezi isiyokosea, sikuwa na maumivu wala uchafu, na kwa hiyo sikuamini kwamba ndani kungekuwa na tatizo. Baadaye niliambiwa kwamba klamidia kwa wanawake wengi haitoi dalili yoyote, hupanda kimya kimya hadi kwenye mirija na kuacha makovu, na kwamba maambukizi ya aina hiyo, pamoja na kisonono na yale yanayofuata uzazi au mimba iliyoharibika bila huduma safi, ni sababu kubwa sana ya mirija kuziba katika nchi zetu.

Picha hupigwa baada ya hedhi kukauka na kabla ya yai kupevuka, kwa kawaida ndani ya siku kumi za mwanzo za mzunguko, na tangu hedhi iishe hutakiwi kukutana na mumeo ili kuwa na hakika kwamba hakuna mimba. Mwambie daktari kama una mzio wa dawa yoyote au kama una maumivu ya nyonga na uchafu, maana maambukizi hutibiwa kwanza. Nilishauriwa kumeza dawa ya maumivu saa moja kabla. Unalala kama unavyolala kwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, wanaingiza mrija mwembamba, kisha wanapitisha dawa ambayo huonekana kwenye eksirei. Maumivu yalikuja kwa ghafla, kama ya hedhi mbaya, yakadumu dakika chache. Nilijishika ukingo wa kitanda na nikatazama kioo cha mashine. Kizazi kilijaa kama pembetatu nyeupe, nikangoja ule weupe utoke pembeni kama nyuzi mbili, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ndivyo inavyoonekana mirija iliyo wazi. Upande mmoja haukutoka kabisa. Upande wa pili ulitoka, ukatuna mwishoni kama puto dogo, na dawa haikumwagika tumboni.

Mimi bado sijapata mtoto, sitaki kukudanganya. Daktari alinieleza kwamba mirija iliyojaa maji namna ile hupunguza mafanikio hata ya upandikizaji, kwa hiyo niliiondoa mwaka jana kwa upasuaji wa matundu madogo, na sasa tunaweka akiba kwa ajili ya kupandikiza. Njia hiyo, ambayo yai na mbegu hukutanishwa maabara na kiinitete kurudishwa kizazini, ilitoa mtoto wa kwanza duniani huko Uingereza mwaka 1978, na jirani zetu Kenya walipata wa kwanza wao mwaka 2006. Ni ghali, na haina uhakika. Lakini ningekuwa na picha ile nikiwa na miaka 28 badala ya 31, ningekuwa na mayai ya miaka 28 na fedha zote nilizowapa wauza chupa.

Ukishafanyiwa picha, uangalie pia jambo moja baadaye. Kama mirija itaonekana imeguswa na kovu na siku moja ukakosa hedhi kisha ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo au kuzimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija.

Mke wa Dereva (Tanga)

Shikamoo mama Mkunga, na ahsanteni sana kaka Fundi na dada Pangani. Nimesoma majibu yenu mara tatu. Dada, nakuombea kwa Mungu.

Nimefanya kazi ya kalenda uliyonipa, mama. Tarehe za hedhi ninazo kwenye simu, na tarehe za safari nimezipata kwenye ujumbe wa mume wangu, kwa sababu kila akitoka na kila akiingia huniandikia. Nimepata mizunguko 19. Sikujua siku zipi ni muhimu, kwa hiyo nimeziandika zote. Nilichokigundua ni kwamba mara nyingi alikuja nyumbani nikiwa katika hedhi au siku za karibu na hedhi, na kuna kipindi cha miezi minne mfululizo, wakati mpaka ulipokuwa na foleni ndefu, ambapo hatukuonana kabisa katikati ya mwezi. Je, hilo lina maana yoyote?

Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Lina maana kubwa, na ndilo nililolihofia.

Siku ya kwanza ya kuona damu ndiyo siku ya 1. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na si lazima iwe siku ya 14 baada ya iliyopita kama wengi wanavyodhani. Kwa mzunguko wako mfupi wa siku 26 litapevuka karibu siku ya 12, na kwa mrefu wa 33 karibu siku ya 19. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Rudi nyuma siku tano kutoka siku ya 12, utapata kwamba dirisha lako liko kati ya siku ya 7 na ya 19. Tazama ni mizunguko mingapi kati ya 19 ambayo mumeo alikuwa nyumbani kwa siku kadhaa ndani ya dirisha hilo. Mwili wako nao hutoa ishara: ute wa ukeni huwa mwepesi, wazi, wa kuvutika kati ya vidole kama ute mbichi wa yai la kuku. Vipo pia vipimo vya mkojo vya duka la dawa, ambavyo hubadilika saa 24 hadi 36 kabla yai halijatoka. Akiwa nyumbani siku hizo, kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Msijiwekee saa kama wanaokwenda kazini.

Mke wa Dereva (Tanga)

Ni mizunguko saba, mama. Saba tu kati ya 19. Je, basi niseme tumetafuta kwa miezi saba na nianze kuhesabu upya?

Mkunga Mstaafu

Hapana, usihesabu upya. Kama ungekuwa na miaka 26 na hujawahi kupasuliwa, ningekuambia mpange safari zake kwanza na mjaribu kwa nusu mwaka. Lakini wewe unakaribia 35 na tumbo lako lina kovu la usaha, kwa hiyo fanyeni mambo mawili kwa pamoja: mpange siku, na mpimwe. Ile hesabu mpe daktari kama ilivyo, na karatasi uende nayo, kwa sababu ndiyo itakayomzuia kukuandikia matibabu makubwa kabla ya wakati. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, umwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Ikihitajika zaidi, watakupa rufaa ya kwenda juu, Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi.

Mke wa Dereva (Tanga)

Ndugu zangu, narudi na habari. Nilimtumia mume wangu ujumbe wa kaka Fundi juzi usiku akiwa kwenye foleni ya Tunduma. Hakujibu mpaka leo asubuhi. Ameandika kwamba ameusoma wote, na kwamba hakuwahi kufikiri kuhusu miaka kuwa ni yangu. Anarudi Alhamisi na amekubali kupimwa. Anauliza kama apitie maabara moja kwa moja Ijumaa asubuhi, kwa kuwa atakuwa amekaa zaidi ya wiki tatu bila kukutana nami na anadhani muda mrefu zaidi utaleta majibu mazuri zaidi. Mimi natarajia hedhi Jumapili ya wiki inayofuata.

Mkunga Mstaafu

Mpe pongezi zangu, na umwambie asiende Ijumaa. Manii yaliyokaa wiki tatu huwa mengi, lakini mbegu zilizomo nyingi huwa zimechoka au zimekufa, na majibu yatamwonyesha mbaya kuliko alivyo. Akirudi Alhamisi kaeni pamoja kama mume na mke, tendo la mwisho liwe Ijumaa usiku, kisha apumzike Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi apeleke kichupa. Kama aliugua malaria au homa kali yoyote ndani ya miezi mitatu iliyopita, aiseme maabara iandikwe kwenye fomu.

Wewe hedhi ikija, piga simu hospitali siku hiyo hiyo ili upangiwe picha ya mirija baada ya damu kukauka. Atakuwa ameshaondoka safari, kwa hiyo lile sharti la kutokutana kabla ya picha halitawapotezea siku yoyote. Kama hedhi isipokuja, pima mimba kwanza kabla ya kupangiwa chochote. Na kichupa akichukue maabara yenyewe Jumamosi kabla hawajafunga. Asitumie chupa ya nyumbani hata kama imechemshwa.